Siwezi ya Jukwaani

Jina la Mama Sijambo hakupewa na wazazi wake. Alilipata kwa kuanguka.

Alikuwa fundi rangi, mwanamke pekee kwenye kundi la wanaume, na ngazi aliipanda kama mjusi anayepanda ukuta wake mwenyewe. Siku hiyo alikuwa juu ya jengo la ghorofa, anapaka ubao wa ukingo wa paa, ngazi ikateleza. Wenzake wanasema alikaa hewani muda wa kutosha mtu kumaliza kikombe cha chai na kuomba kingine. Wengine wanaapa kwamba alipopita dirisha la chini alimwamkia mwenye nyumba, na mwenye nyumba akaitikia. Hayo ya dirisha yana chumvi kidogo, hayakosi. Lakini haya hayana hata punje: alitua juu ya rundo la mchanga, ndoo ya rangi ya kijani ikamfuata ikamvaa kichwani, na msimamizi alipofika mbio, roho mkononi, akauliza, "Dada, hujambo?" sauti ikatoka ndani ya ndoo:

"Sijambo, ila ndoo."

Sasa, kila aliyefunzwa adabu anaijua hiyo ila. Ukiulizwa hujambo, huanzi na vidonda vyako. Unasema kwanza sijambo, unavuta pumzi, ndipo unamwaga yako. Sijambo, ila jino. Sijambo, ila nyumba imeungua. Mama Sijambo alikwenda mbali kuliko wote: kadiri miaka ilivyopita ile ila akaikata kabisa, akabaki na sijambo tupu. Akipata homa, sijambo. Akikanyaga msumari, sijambo, huku anauvuta msumari kwa koleo.

Na hakufanya hivyo kwa kujishaua. Alipokuwa msichana, ndiyo kwanza anashika brashi, aliamka siku moja mwili mzima unawaka, akamtumia msimamizi wa wakati ule ujumbe: leo siwezi. Neno hilo lina midomo miwili. Wazee mgonjwa humwita hawezi, na mgonjwa mwenyewe akisema siwezi hajamtukana mtu, ameeleza hali yake tu. Lakini msimamizi yule alisikia mdomo wa pili. Msichana alipopona akarudi kazini, alikuta brashi yake iko mkononi mwa mtu mwingine, tena inateleza ukutani vizuri sana.

"Si ulisema huwezi?" msimamizi akamwambia bila hata kugeuka. "Huyu anaweza."

Tangu siku hiyo neno siwezi lilipigwa marufuku popote alipoishi. Mguu wa meza ukivunjika, meza haikuruhusiwa kusema siwezi. Iliegemezwa tofali ikaendelea na kazi.

Nyumba yake ilikuwa vyumba viwili vyenye rangi zote za duniani, maana kila kazi iliyokwisha alirudi na mabaki ya kopo. Ukuta wa mlangoni ulikuwa na kibuluu cha hospitali, wa jikoni ulikuwa na maziwa ya benki, na choo kilikuwa na waridi ya saluni, mgeni akiingia anatoka anajitazama nywele. Humo aliishi na mama mkwe wake, bibi kizee mwenye masikio ya popo na ulimi wa wembe, na binti yake mmoja. Mume alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, alionekana nyumbani kama mwezi mwandamo: watu hutoka nje kuuhakikisha.

Binti walimwita Sindano, kwa wembamba na kwa ukali. Alikuwa darasa la nne. Na mwaka huo, jamani, Sindano alichaguliwa kuigiza.

Shule ilikuwa inaandaa siku ya wazazi. Kungekuwa na mgeni rasmi, kungekuwa na kipaza sauti, na kungekuwa na mchezo wa kuigiza juu ya mtu aliyekunywa maji bila kuyachemsha. Sindano alipewa nafasi ya Mgonjwa. Usidhani ni nafasi ndogo kwa kuwa mwenyewe amelala. Mgonjwa ndiye mchezo. Daktari anamzunguka yeye, ndugu wanamlilia yeye, na taa, kama zingekuwapo, zingemwakia yeye. Habari ilipofika nyumbani, Mama Sijambo alishika brashi akapaka mlango upya kwa furaha, na jioni hiyo kila aliyebisha hodi aliondoka na vidole vyeupe.

Tatizo likaja kwenye mazoezi. Mwalimu aliyesimamia mchezo alikuwa kijana mwembamba ambaye watoto walimwita Mwalimu Tena, kwa sababu hilo ndilo neno alilokula nalo asubuhi na kulala nalo usiku. Daktari anaingia, anauliza, "Hujambo?" Mgonjwa anatakiwa kujibu, "Siwezi, daktari." Maneno mawili tu. Lakini Sindano kila akifika hapo ulimi unagonga mwamba.

"Hujambo?"

"Sijambo."

"Tena," anasema Mwalimu Tena.

"Hujambo?"

"Siwe... sijambo, daktari."

"Tena."

Walirudia mpaka daktari akapata usingizi. Mwisho Mwalimu Tena akafunga safari hadi nyumbani kwao, akamkuta Mama Sijambo anaosha brashi kwa mafuta ya taa.

"Mama," akasema, "samahani kwa swali. Nyumbani mnamlisha nini huyu mtoto? Ukimwambia aseme siwezi, anafunga mdomo kama nataka kumng'oa jino."

"Hilo neno hatulitumii hapa, mwalimu."

"Hamlitumii vipi? Mtu akiumwa mnasemaje?"

"Sijambo."

Mama mkwe akacheka huko ndani mpaka kitanda kikalia. Mwalimu akaeleza, akasihi, akatoa jasho. Kulikuwa na mtoto mwingine, akasema, anaitwa Kasuku, binti wa jirani yao hapo hapo, ambaye anayajua maneno yote kwa moyo. Kama Sindano hawezi kusema siwezi, itabidi Kasuku ashike nafasi.

Hapo Mama Sijambo akaacha kuosha. Aliiona brashi ile, miaka yote ile nyuma, mkononi mwa mtu mwingine. Akamwita binti yake, akamshika mabega.

"Sikiliza mwanangu. Jukwaani nakuruhusu. Pale unasema uongo, na uongo wa mchezo si dhambi. Sema siwezi, sema kwa sauti, sema mpaka mabati yasikie. Lakini ukishuka, liache huko huko juu. Usiniletee hapa ndani."

"Nikisema uongo ndiyo ruhusa?"

"Ndiyo."

"Na nikisema kweli?"

"Kweli ya nini? Wewe si mzima?"

"Mzima, mama."

Basi. Kesho yake Sindano alisema siwezi mpaka Mwalimu Tena akashikwa na kikohozi cha machozi, na tangu hapo mambo yakawa moto moto. Mtaa mzima haukuwa na habari nyingine. Kinyozi alitoa koti lake jeupe ili binti yake, aliyekuwa Daktari, alivae. Lilimfikia kwenye vifundo vya miguu na lilikuwa na nywele za watu mfukoni. Mama Sijambo alishona gauni jipya, akaomba ruhusa ya nusu siku kazini, kitu ambacho hakijawahi kutokea, na msimamizi alishtuka hata akamuuliza kama kuna msiba.

Asubuhi ya siku yenyewe ikafika. Na Sindano hakuamka.

Mama Sijambo alimgusa paji la uso akaondoa mkono haraka, kama mtu aliyegusa sufuria. Mtoto alikuwa wa moto. Pua zimeziba, macho yamelegea, kifua kinakoroma kama paka aliyelala juani.

"Hujambo mwanangu?"

"Sijambo," akasema Sindano, na meno yakagongana.

Mama mkwe alikuwa amekwisha kukaa kitandani kwake, masikio yamesimama.

"Mtoto hawezi huyo," akasema.

"Anaweza, mama."

"Nimesema hawezi."

"Nami nasema anaweza."

"Mwenzangu, mimi nazungumza habari ya homa, wewe unazungumza habari ya nini?"

"Nazungumza habari ya Kasuku. Huyu akilala leo, kesho Kasuku ndiye mgonjwa wa shule nzima. Mafua tu, mama. Watoto wa watu wanakwenda shule na mafua kila siku, na kamasi zao mfukoni."

"Ndiyo maana kila siku kuna mafua," akasema bibi. "Anampa huyu, huyu anampa yule, yanazunguka darasani kama sahani ya sadaka mpaka yanarudi yalikoanzia. Wahenga walisema mficha maradhi..."

"Mama, nakuomba. Wahenga asubuhi hii wapumzike."

Akamtazama binti yake. Ukweli ni kwamba alikuwa anatafuta mtu wa kumkataza, na aliyekuwa anamkataza hakutaka kumsikia. Akauliza, "Unataka kwenda?" Na mtoto, ambaye tangu jana alikuwa amelala na shuka la mgonjwa kifuani, akatikisa kichwa ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Hapo Mama Sijambo akafanya ile hila ambayo kila mzazi anaijua na hakuna anayeifundisha. Alikata kidonge cha homa nusu, akakisaga kwa mgongo wa kijiko, akakikoroga na sukari, akammiminia mtoto mdomoni. Akampangusa kwa kitambaa cha maji. Baada ya muda, homa ikarudi nyuma kama deni lililoahirishwa. Sindano akakaa, akaomba chai, akaomba gauni. Mama yake akamwangalia bibi kwa ushindi.

"Umeona? Anaweza."

"Nimeona kidonge," akasema bibi, akajilaza akaugeukia ukuta.

Ukumbi wa shule ulikuwa umejaa hadi madirishani. Wazazi walikaa kwenye viti vya watoto, magoti yamegusa videvu, na bati la juu lilikuwa linawaka jua kiasi kwamba nzi walikuwa wanatembea kwa miguu. Mbele kulikuwa na pazia la mashuka yaliyounganishwa kwa pini. Mama Sijambo alifika mapema akashika kiti cha mstari wa mbele, gauni jipya, rangi nyeupe kidogo nyuma ya sikio. Na nani akaja kukaa karibu naye? Mama Kasuku.

"Hujambo jirani?"

"Sijambo."

"Na Sindano naye hajambo? Asubuhi nimemwona anatembea kama anayehesabu mchanga."

"Hajambo kabisa."

"Nauliza tu. Maana Kasuku wangu yuko tayari nyuma ya pazia. Anajua maneno yote. Ya mgonjwa, ya daktari, hata ya kitanda."

"Kitanda hakisemi."

"Kikipewa nafasi, Kasuku atakisemea."

Wakacheka wote wawili, cheko la meno bila macho.

Sasa mchezo ungeanza kwa wakati wake, labda mambo yangekuwa mengine. Lakini mgeni rasmi hakuwa amefika. Mwalimu Mkuu alisimama, akapuliza kipaza sauti, akasema mgeni wetu yuko njiani. Watu wakapiga makofi. Kwaya ikaimba. Mwalimu Mkuu akasimama tena, mgeni wetu yuko karibu. Kwaya ikaimba wimbo ule ule. Akasimama tena, mgeni wetu ameonekana, na kwaya, ambayo ilikuwa haina wimbo mwingine, ikaanza kuuimba kutoka mwisho. Jua likapanda juu ya bati likakaa hapo. Na ndani ya matumbo ya watoto, kimya kimya, vidonge vilikuwa vinaaga. Kumbuka hilo.

Mgeni rasmi akaingia hatimaye, mtu mnene mpole, na kwapani hotuba nene kuliko yeye. Pazia likafunguliwa.

Sindano alikuwa amelala juu ya madawati mawili yaliyofunikwa shuka. Alikuwa anatetemeka. Jasho linamtiririka shingoni, midomo imekauka, pumzi zinapanda na kushuka kama mvukuto. Ukumbi mzima ukanyoosha shingo.

"Mama yangu weee," mtu akanong'ona nyuma. "Mtoto anajua kuigiza huyo."

"Tazama anavyotetemeka. Utadhani kweli."

"Wamempaka maji usoni," mwingine akaeleza, mjuzi wa mambo.

Mama Sijambo alivimba kwa fahari hadi mshono wa gauni ukalia. Akamtupia Mama Kasuku jicho la pembeni. Binti wa kinyozi akaingia na lile koti, anaburura pindo, chombo cha kusikilizia moyo kimetengenezwa kwa mpira wa bomba na kifuniko cha soda. Muuguzi akaleta kikombe. Watu wakacheka, watu wakapiga makofi. Daktari akasema kwa sauti nzito, "Mgonjwa huyu achomwe sindano," na mtoto mmoja kwenye hadhira akauliza, "Sindano achomwe Sindano?" ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Hata mgeni rasmi alitikisika mpaka karatasi zikamponyoka.

Katikati ya kicheko hicho Mama Sijambo aliona kitu kimoja kidogo, na kicheko chake kikakatika. Sindano alikuwa anasugua unyayo wa kulia juu ya wa kushoto, taratibu, bila kupumzika, kama mtu anayepiga ukuta msasa. Mtoto hakufundishwa hilo na Mwalimu Tena. Hilo alikuwa akilifanya tangu akiwa mtoto mchanga, siku za homa kali tu. Homa ndogo, hasugui. Homa ya kati, hasugui. Akianza kusugua, ni ile ya kumbeba ukakimbia.

Daktari akainama juu ya mgonjwa.

"Hujambo?"

Sindano akafungua macho. Akamtazama Daktari, akatazama pazia, kisha akatafuta katika ule mstari wa mbele mpaka akampata mama yake.

"Sijambo," akasema.

Kicheko tena. Nyuma ya pazia sauti ya Mwalimu Tena ikasikika, kama upepo kwenye tundu la ufunguo: "Siwezi. Sema siwezi. Tena." Daktari, mtoto mwenye nidhamu, akarudia.

"Hujambo?"

"Sijambo." Sauti ilikuwa ndogo zaidi, na machozi yalikuwa yanamtoka yakichanganyika na jasho.

"Kasahau maneno," akasema Mama Kasuku kwa huruma tamu kama asali. "Nilijua tu."

Lakini Mama Sijambo alijua kwamba hajasahau. Jambo lilimwingia moja kwa moja, kutoka utosini hadi visigino. Si alimwambia mwenyewe? Ukisema uongo, ruhusa. Na sasa halikuwa uongo tena. Mtoto alikuwa hawezi kweli, na kwa sababu alikuwa hawezi kweli, neno lilikuwa limerudi kwenye marufuku yake. Mbele ya watu wote wale, na mwalimu akimsihi, na Kasuku akisubiri nyuma na mdomo wazi, Sindano alikuwa anamtii mama yake. Angemtii hivyo hivyo mpaka azimie.

Kulikuwa na nafasi ya kukaa kimya bado. Kidogo tu, mchezo mfupi, sehemu mbili na wimbo. Angeweza kumpa mtoto ishara ya mkono tu: sema, nakuruhusu. Mtoto angesema, watu wangepiga makofi, nafasi ingebaki yao. Mkono ulikuwa umeshaanza kunyanyuka kufanya hivyo. Unyayo wa kulia ukapita juu ya wa kushoto.

Mama Sijambo akasimama. Kiti cha mtoto kikasimama naye, kimemng'ang'ania gauni.

"Hawezi," akasema.

Ukumbi ukageuka.

"Mwanangu hawezi," akasema kwa sauti ya mtu anayeita fundi mwenzake kutoka ghorofa ya tatu. "Tangu asubuhi hawezi. Nimemleta mimi, kwa mikono yangu, na kidonge nimempa. Simamisheni mchezo."

Halafu, jamani, wakapiga makofi. Walipiga makofi wakasimama. Walidhani ni sehemu ya mchezo, kwamba mama wa mgonjwa amefichwa kwenye hadhira makusudi, hila ya kisasa. "Huyu mwalimu ana akili," wakasema. Mgeni rasmi akapiga makofi mpaka saa ikamtoka mkononi.

"Si mchezo," akapaza sauti Mama Sijambo, anapanda jukwaani na kiti nyuma yake.

"Angalia na kiti chake," watu wakafurahi. "Wamefikiria kila kitu."

Aliyewanyamazisha alikuwa Daktari. Binti wa kinyozi alikuwa ameweka kiganja chake kwenye paji la uso la Sindano, kama alivyofundishwa, lakini safari hii hakukiondoa.

"Mwalimu," akasema kwa sauti yake mwenyewe ya kitoto, "huyu ni wa moto kweli." Akafikiri kidogo. Akajigusa na yeye. "Na mimi pia."

Akavua kile chombo cha mpira, akakaa juu ya madawati karibu na mgonjwa wake, akajilaza.

Kinyozi akasimama mstari wa nne kama aliyekalia kaa la moto. "Nilimpa nusu kidonge," akasema, hamwambii mtu. "Asubuhi. Nusu tu."

"Nusu?" akasema mama mmoja karibu na mlango. "Mimi wangu nilimpa kizima." Na alipokwisha kusema, akaziba mdomo.

Basi hapo viganja vikaanza kuruka. Kila mzazi alimtafuta wake. Ukumbi mzima mikono ilikuwa kwenye mapaji ya nyuso, kama watu wanaokingana jua. Muuguzi alikuwa wa moto. Mtoto aliyeigiza ndugu wa kumlilia mgonjwa alikuwa wa moto, na machozi yake, ambayo watu waliyasifu, yalikuwa kamasi. Kwaya, mstari wa nyuma wote, moto. Kila nyumba ilikuwa imefanya hila ile ile asubuhi ile ile, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake duniani, na kwa kuwa mgeni alichelewa, vidonge vyote vilikuwa vimekwisha nguvu kwa pamoja, kama mishumaa ya duka moja. Mafua yalikuwa yamezunguka mazoezini juma zima, na Mwalimu Tena akiyarudisha mwanzo kila yakifika mwisho.

Mama Kasuku alibaki amekaa, mikono mapajani.

"Wangu mzima," akasema. "Wangu hana kitu."

Kasuku akatokeza kichwa nyuma ya pazia. Alitaka kusema kwamba yuko tayari, kwamba anayajua maneno yote. Alifungua mdomo, pakatoka mlio kama wa bawaba kavu. Mama yake akaenda, akamgusa shingo, akarudi na mtoto begani na uso umelegea.

"Robo," akamwambia Mama Sijambo alipopita karibu naye. "Nilimpa robo. Nilisema robo si kitu."

"Mimi nilisaga na sukari," akasema Mama Sijambo.

"Na mimi sukari."

Mwalimu Tena alisimama katikati ya jukwaa, anawatazama waigizaji wake waliolala kama mahindi baada ya upepo. Akafungua mdomo, na wote wakalijua neno litakalotoka. Halikutoka.

"Basi," akasema. "Nendeni nyumbani. Nendeni zahanati. Nami kwa kweli kichwa kinanigonga tangu jana."

Waliondoka wote kwa pamoja, na wanaosimulia wanasema msafara ule ulianzia mlangoni mwa shule na mwanzo wake ulifika zahanati kabla mwisho haujatoka ukumbini. Muuguzi wa zamu alipoona kichwa cha njia kimejaa migongo na watoto juu yake, alidhani nchi imevamiwa, akafunga mlango, kisha akaufungua. Mgeni rasmi, kwa upande wake, alikuwa amekuja kusoma hotuba, na mtu akiandaa hotuba lazima aisome. Aliisoma yote, mbele ya viti vitupu, na Mwalimu Mkuu akapiga makofi panapostahili.

Mchezo haukurudiwa. Watoto walipopona, mgeni alikuwa na safari, mashuka yalikuwa yamerudi kwa wenyewe, na mitihani ilikuwa mlangoni. Kwa hiyo Sindano hakuwahi kufika sehemu ya pili, ile ambayo mgonjwa anaamka, anachemsha maji, anaimba. Aliilia nafasi ile siku mbili, na mama yake hakumwambia si kitu, maana kilikuwa kitu.

Lakini hayo ni ya baadaye. Mchana ule, njiani, Mama Sijambo alikuwa mbele ya msafara wote, mtoto mgongoni amefungwa kwa shuka la mgonjwa, gauni jipya limepasuka pale kiti kilipong'olewa. Alikuwa anakwenda kwa hatua za mtu anayewahi rangi kabla haijakauka. Kwenye shavu lake alihisi pumzi ya moto, na sauti.

"Mama."

"Nipo."

"Kasuku amechukua nafasi yangu?"

"Kasuku yuko nyuma yetu, mgongoni kwa mama yake. Hana sauti hata ya kuomba maji."

Kicheko kidogo kikatoka mgongoni, kikaishia kwenye kikohozi.

"Umenisemea neno."

"Nimekusemea."

"Lilikuwa langu. Ningelisema mimi."

"Ungelisema saa ngapi? Ulikuwa unaniangalia kama fundi aliyesahau apake rangi gani."

"Ulisema nikisema kweli haifai."

Mama Sijambo akamsogeza juu kidogo mgongoni, akavuka mtaro kwa kuruka.

"Nilikosea kukuambia hivyo," akasema. "Ukiumwa, sema. Sema nyumbani, sema shuleni, sema kwa bibi, umwamshe hata akiwa amelala. Mimi nitakwenda kugombana na hao wenye nafasi zao."

"Hata usiku?"

"Hata usiku."

Sindano akafikiria jambo hilo kwa muda wa nyumba mbili tatu. Unyayo wake wa kulia, uliokuwa unaning'inia ubavuni mwa mama yake, ulikuwa umetulia.

"Mama. Walipopiga makofi vile, walikuwa wananipigia mimi au wewe?"

"Wewe," akasema Mama Sijambo, anahema, zahanati inaonekana sasa kwenye kona. "Mimi nilikuwa na kiti."

"Basi siwezi," akasema Sindano kwa raha, kichwa begani. "Siwezi, siwezi, siwezi. Kichwa siwezi, koo siwezi, mguu..."

"Mguu una nini?"

"Mguu hauna kitu. Naujaribu tu."